Seli T, virusi vya njia ya hewa na chanjo kwa panya wa maabara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaoshika panya na mirija kwa mikono yao. Viwango vilivyotajwa ni vya kuanzia. Kila maabara huvirekebisha kulingana na virusi na panya ilio nao, na hakuna kazi inayoanza kabla ya kibali cha kamati ya maadili ya wanyama. Utaona majibu mengi yanageukia jambo moja: seli ulizohesabu zilikuwa wapi mwilini ulipozichukua?

Nianze na panya wa ukoo gani?

Chagua panya na vipimo kwa wakati mmoja, maana ukoo ndio unaoamua ni peptidi (vipande vifupi vya protini) zipi zitaonekana na seli T, chembe za kinga zinazotambua seli zilizoambukizwa. Panya wa ukoo wa C57BL/6 wana molekuli za MHC, zinazobeba peptidi juu ya seli ili seli T zizione, za aina H-2b, BALB/c wana H-2d, na peptidi inayoamsha jibu kubwa kwa mmoja huenda isimguse kabisa mwenzake. Kwa mafua A, seli CD8 (seli T zinazoua seli zilizoambukizwa) za C57BL/6 hulenga zaidi NP 366–374 na PA 224–233, yaani vipande vya protini za virusi NP na PA, namba zikionyesha nafasi za amino asidi, vyote vikibebwa na molekuli ya MHC iitwayo Db. Za BALB/c hulenga NP 147–155 kupitia Kd. Kwa RSV, virusi vya njia ya hewa vinavyowapata hasa watoto, BALB/c wana M2 82–90, jibu kubwa kiasi cha kufunika mengine yote. C57BL/6 wana M 187–195. Kwa virusi vya Sendai kwenye C57BL/6, tumia NP 324–332.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi mapema: koo nyingi za maabara, zikiwemo hizo mbili, zina jeni ya Mx1 iliyoharibika. Protini ya jeni hiyo huzuia mafua kwa nguvu, na kukosekana kwake ni sababu mojawapo ya panya hawa kuugua sana kwa dozi ndogo. Ukipokea panya wenye Mx1 nzima, dozi uliyoizoea haitakuwa na maana kwao.

Umri wa wiki 6 hadi 12 unafaa. Jinsia isiwe ya kubahatisha: majike kwa kawaida huugua mafua vikali zaidi kuliko madume na hutoa jibu kubwa la kinga. Ama utumie jinsia moja, ama ugawe zote mbili sawasawa katika kila kundi.

Kwa nini watu hutumia X-31 kwanza, kisha PR8?

Kwa sababu jozi hiyo inatenganisha kazi ya seli T na ya kingamwili. PR8, yaani A/PR/8/34, ni H1N1. X-31 ni mseto wa H3N2: hemaglutinini na neuraminidesi zake, protini za juu ya virusi, zimetoka A/Aichi/2/68, lakini vipande vingine sita vya jeni ni vya PR8. Panya aliyepona X-31 hana kingamwili za kuzuia hemaglutinini ya PR8, ila seli T zake zinakutana na NP na PA zilezile. Kinga ya namna hii inayovuka aina za mafua A ilionyeshwa kwa panya na Schulman na Kilbourne mwaka 1965.

Ukitumia virusi vingine vya H3N2 badala ya X-31, linganisha mfuatano wa peptidi herufi kwa herufi kabla ya kuagiza tetrama (kitendanishi cha MHC na peptidi kinachoshika seli T mahususi). Herufi mbili tofauti ndani ya NP 366–374 zinatosha kukupa jibu dogo ukadhani chanjo imeshindwa.

Na virusi vya UVIKO-19?

SARS-CoV-2 ya mwanzo haishiki vizuri kipokezi cha ACE2 cha panya. Njia ni tatu: panya K18-hACE2 wenye kipokezi cha binadamu, virusi vilivyozoeshwa panya kama MA10, au aina zenye badiliko la N501Y kama Beta, ambazo huambukiza panya wa kawaida. K18-hACE2 wana mtego wao. Virusi hufika hadi kwenye ubongo, na panya akipungua uzito au kufa huwezi kusema moja kwa moja kuwa ni mapafu yaliyomwangusha.

Katika C57BL/6 epitopu (peptidi inayotambuliwa na seli T) inayotumika sana ya protini ya mwiba ni S 539–546 kupitia Kb, molekuli nyingine ya MHC. Kazi ya virusi hai hufanyika kwenye maabara ya usalama wa ngazi ya 3, na sampuli huuliwa virusi kwa paraformaldehidi ya 4% kabla ya kutolewa nje. Panga rangi zako kwa kuzingatia hilo: paraformaldehidi huharibu rangi za mwangaza zilizounganishwa mbili mbili, na baada yake seli hazichochewi tena. Uchochezi wote ufanyike ndani.

Niweke virusi kiasi gani puani, na vipi?

Ujazo una uzito sawa na dozi. Panya aliye chini ya nusukaputi akipewa mikrolita 30 hadi 50 huvuta kimiminika hadi mapafuni. Aliye macho akipewa mikrolita 5 hadi 10, kingi hubaki puani. Mchanganyiko wa kawaida ni ketamini miligramu 100 na zailazini miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, ndani ya tumbo. Isoflureni inafaa pia, lakini panya akiwa na usingizi mwepesi humeza, na virusi vyako huishia tumboni. Hapo ndipo hutokea kundi lenye panya wawili wasiopungua uzito hata kidogo, na msomaji wa matokeo akadhani walilindwa.

Mshike wima, dondosha tone dogo kwenye tundu la pua, ngoja alivute mwenyewe, kisha lingine. Mapovu yakitoka, punguza kasi. Mwache wima kwa muda mfupi, mpake marhamu machoni, mlaze penye joto mpaka aamke.

Dozi iliyoandikwa kwenye makala ya maabara nyingine haikuhusu mpaka uipime kwa akiba yako mwenyewe. Jaribu viwango vitatu au vinne vinavyopishana mara kumi, gawa akiba katika vichupa vidogo, na kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu. Virusi vilivyokuzwa ndani ya mayai vina maji ya yai na pengine sumu za bakteria, kwa hiyo panya wa ulinganisho wapewe maji ya yai lisiloambukizwa yaliyozimuliwa kwa kiwango kilekile, si chumvichumvi tupu. RSV hukua kwa shida ndani ya panya, ndiyo maana dozi zake hufika vizio vya plaki milioni moja na zaidi.

Pima uzito kila siku saa ileile. Kikomo cha kumwondoa panya kwenye jaribio mara nyingi ni upungufu wa 20% hadi 25% ya uzito wa mwanzo, kama kibali kinavyoagiza.

Seli T huonekana siku ya ngapi?

Kwa mafua ya mara ya kwanza, virusi hufika kilele mapafuni kati ya siku ya 2 na ya 4. Seli T mahususi huanza kuongezeka kwenye tezi za limfu za kifua, huingia mapafuni kuanzia siku ya 5 hadi ya 7, na hufika kilele siku ya 8 hadi ya 10, wakati ambapo virusi vinaisha. Kumbukumbu hupimwa kuanzia siku ya 30.

Kwa panya waliochanjwa ratiba ni nyingine, na hapa watu wengi hupotea. Seli za kumbukumbu zilizomo tayari mapafuni hutenda kazi ndani ya siku chache za mwanzo. Ukisubiri siku ya 8 baada ya kuambukiza ndipo upime, panya wasiochanjwa nao watakuwa wameshajaza mapafu seli mpya, na tofauti uliyoitafuta imefunikwa. Chukua sampuli siku ya 3 hadi ya 5, na upime virusi vya mapafu siku hizohizo.

Nimepata seli CD8 nyingi sana mapafuni baada ya chanjo ya msuli. Ni kweli?

Namba ni ya kweli, tafsiri yake ndiyo yenye shaka. Mapafu ni kama sifongo ya damu: kapilari zake zinashikilia limfosaiti nyingi, na kupitisha chumvichumvi kwenye moyo hakuzitoi zote. Usipotenganisha seli zilizo ndani ya mishipa na zilizo ndani ya tishu, sehemu kubwa ya unachokiita jibu la mapafu ni damu.

Dawa yake ni kupaka rangi ndani ya mishipa. Ingiza mikrogramu 3 za kingamwili yenye rangi, dhidi ya CD45 (alama ya seli zote nyeupe za damu) au CD8, ndani ya mikrolita 200 hadi 300 za chumvichumvi, kupitia mshipa wa mkia. Ngoja dakika 3 hadi 5, muue panya kwa njia iliyoidhinishwa, toa mapafu mara moja. Seli za kwenye mishipa zitakuwa na rangi hiyo. Za tishu zitakuwa hazina. Angalia damu ya panya yuleyule: karibu limfosaiti zote za damu zikiwa na rangi, sindano iliingia. Zikiwa nusunusu, sindano ilikosea mshipa na panya huyo aondolewe kwenye hesabu hiyo, hata kama namba zake zinakupendeza.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza, kutumia kloni moja (kingamwili ya aina ileile) kwa rangi ya ndani ya mishipa na ya mezani. Kloni ya kwanza inakuwa imeshajaza nafasi. Ukitumia CD8α ndani ya mshipa, tumia CD8β mezani. La pili, kuchelewa. Dakika 15 zikipita, kingamwili huanza kupenya kwenye tishu na mpaka kati ya makundi mawili unafifia.

Baada ya hapo ndipo CD69 na CD103, alama za juu ya seli, zina maana. Seli CD8 ya kumbukumbu isiyo na rangi ya mshipa, yenye CD69 na mara nyingi CD103, ina dalili za kuwa mkazi wa tishu, yaani seli inayobaki humo bila kurudi kwenye damu. CD69 peke yake siku ya 8 haikuambii kitu, kwa kuwa seli iliyoamshwa punde nayo huibeba. Seli CD4 (seli T wasaidizi) wakazi mara nyingi hazina CD103 hata kidogo.

Nitoeje seli hai mapafuni?

Kwanza sukutua njia za hewa, ikiwa unataka seli za humo: kanula ya geji 20 au 22 kwenye bomba la hewa, mililita 0.8 hadi 1 ya bafa baridi, ingiza na uvute polepole, rudia mara mbili au tatu. Seli T za kwenye njia za hewa hupunguza CD11a baada ya kukaa humo, alama inayosaidia kuzitofautisha na zilizoingia karibuni.

Kisha katakata mapafu kwa mkasi hadi vipande vya milimita moja au mbili na uviweke kwenye RPMI yenye kolajenesi D miligramu 1 hadi 2 kwa mililita na DNase I mikrogramu 50 kwa mililita. Dakika 30 hadi 45 kwa nyuzi 37, ukitikisa. Usiweke EDTA hapa. Kolajenesi inahitaji kalisi, na EDTA inainyang'anya. EDTA ije mwishoni, kusimamisha kazi. Pitisha kwenye chujio la mikromita 70 huku ukisukuma kwa kitako cha pistoni ya bomba la sindano, vunja chembe nyekundu kwa bafa ya amonia kloridi kwa dakika 1 hadi 3, osha. Seli kama ni chafu sana, tumia tabaka za Percoll za 40% na 80% na uchukue pete iliyo katikati.

Ute unaovutika kama kamasi ni DNA ya seli zilizokufa: ongeza DNase, hakikisha bafa ina magnesi. Tripsini isikaribie kazi hii, na dispesi nayo hunyoa baadhi ya alama za juu ya seli. Jaribu kimeng'enya chochote kipya kwa seli za wengu kwanza, zilizogawanywa mafungu mawili, fungu moja lipitie kimeng'enya na jingine lisipitie.

Kuna kifo kingine kisichoonekana kwa urahisi. Tishu inapokatwa hutoa NAD, ambayo kupitia kimeng'enya ARTC2.2 hufungua kipokezi cha P2RX7 na kuziua seli, hasa zile wakazi wenye kipokezi hicho kwa wingi. Seli hutoka zikiwa hai kwa rangi ya uhai, halafu zinafia kwenye nyuzi 37 wakati wa uchochezi. Kwa C57BL/6, kingamwili ndogo ya kuzuia ARTC2.2, mikrogramu 50 kwenye mshipa kama nusu saa kabla ya kuua, huokoa nyingi.

Tezi za kifua sizioni. Ziko wapi?

Chini ya thaimasi, kando ya bomba la hewa, karibu na linapogawanyika. Thaimasi ni nyeupe yenye ndimi mbili. Tezi ni ndogo, mviringo, na huvimba baada ya siku ya 5 kiasi cha kuonekana kirahisi. Ukiwa na shaka, seli nyingi zenye CD4 na CD8 kwa pamoja zitakuambia umechukua thaimasi.

Tetrama au uchochezi wa peptidi?

Hupima vitu viwili tofauti. Tetrama huhesabu seli zinazoweza kushika peptidi. Uchochezi huhesabu zile zilizo tayari kutoa saitokini (protini za mawasiliano ya kinga). Namba hazitalingana na hazitakiwi kulingana.

Kwa tetrama, paka kabla ya kingamwili ya CD8 au pamoja nayo, kisha ujaribu kloni, kwani baadhi ya kloni za CD8 huingilia ushikaji. Seli zilizotoka kuamshwa hushusha kipokezi chao na kung'aa hafifu. Dasatinibu nanomola 50 kwa dakika 30 kwenye nyuzi 37 kabla ya tetrama huzuia kipokezi kisimezwe. Tetrama hukaa kwenye nyuzi 4, haigandishwi. Weka daima panya asiyeambukizwa: mwanga wake ndio kiwango chako cha uongo, na epitopu nyingi huwa na seli makumi hadi mamia tu kwa panya mzima kabla ya maambukizi.

Kwa uchochezi, peptidi fupi inayojulikana mikrogramu 1 kwa mililita, brefeldini A mikrogramu 5 hadi 10 kwa mililita, saa 5 hadi 6. Ukitaka CD107a, alama ya seli inayoua, weka kingamwili yake tangu mwanzo pamoja na monensini. Epitopu zisipojulikana, tumia peptidi za amino asidi 15 zinazopishana kwa 11, na DMSO isizidi 0.5%. Seli za sukutuo hazina wawasilishaji wa kutosha: waongezee seli za wengu za panya mwenye CD45.1 (aina ya CD45 iliyo tofauti na ya panya wako), asiyeambukizwa, ili uweze kuzitoa baadaye kwenye uchambuzi. PMA na ayonomisini, kemikali zinazochochea seli T yoyote, ni ulinganisho mzuri kwamba seli zinaweza kujibu, ila PMA hushusha CD4, basi usishangae kundi la CD4 likififia.

ELISpot ya wengu inatosha kupima chanjo?

ELISpot huhesabu seli zinazotoa saitokini, moja moja, kwenye kisima. Inatosha kujua chanjo imeamsha seli T na kulinganisha dozi. Seli 200,000 hadi 500,000 kwa kisima, saa 18 hadi 24, intaferoni gama. Haikuambii chochote kuhusu mapafu.

Chanjo ya msuli inaweza kupeleka seli wakazi mapafuni?

Kwa kiasi kidogo. mRNA mikrogramu 1 hadi 5 ndani ya mikrolita 50 pajani, mara mbili kwa kupishana wiki 3 au 4, huleta seli CD8 nyingi kwenye damu na wengu. Ili zikae mapafuni, seli huhitaji kuitwa na uvimbe wa pale na, kwa wingi wa seli CD8, kukutana na antijeni palepale. Saitokini TGF-β huongeza CD103. Ndiyo sababu ya mpango wa msuli kwanza, pua baadaye.

Angalizo letu kwa wanaochanja puani: mikrolita 40 kwa panya aliyelala ni chanjo ya mapafu. Dawa ya kupuliza puani kwa binadamu haifiki huko. Kama swali lako ni la pua, tumia mikrolita 5 kila tundu kwa panya aliye macho, na ukubali jibu dogo zaidi.

Seli T zinaweza kudhuru?

Ndiyo, na RSV ndiyo mfano mkuu. Chanjo ya RSV iliyouliwa kwa formalini, iliyojaribiwa kwa watoto Marekani miaka ya 1960, iliishia kwa 80% ya waliochanjwa na kisha kuambukizwa kulazwa hospitali, na wawili kufa. Kwa panya, chanjo ya namna hiyo huvuta seli CD4 upande wa Th2 (jibu la aina ya mzio), na RSV inapoingia mapafu hujaa eosinofili, seli nyeupe za mzio. Kwa hiyo kila chanjo ya protini yenye alumu (kichocheo cha chanjo) dhidi ya virusi vya njia ya hewa ipimwe IL-4, IL-5 na IL-13 pamoja na intaferoni gama, na eosinofili zihesabiwe kwenye sukutuo.

Hata bila chanjo, panya wa RSV hupungua uzito karibu na siku ya 7, seli T zinapofika. Ukiondoa CD4 na CD8 ugonjwa hupungua, lakini virusi hukaa muda mrefu. Uzito peke yake, basi, si kipimo cha kinga: pima virusi pia.

Nitathibitishaje kuwa ni seli T zilizolinda?

Ziondoe. Kloni GK1.5 kwa CD4 na 2.43 kwa CD8, mikrogramu 200 hadi 250 ndani ya tumbo, siku ya 3 na ya 1 kabla ya maambukizi, kisha kila siku 3 au 4. Kingamwili za CD8α zinaweza kugusa seli za dendriti zenye CD8α. Dhidi ya CD8β ni safi zaidi. Hakiki uondoaji kwa kloni tofauti, mapafuni, si kwenye damu pekee. Seli wakazi husalia mara nyingi damu ikiwa tupu, na hapo mtu hutangaza kwamba CD8 hazina kazi wakati bado zipo.

Kutenga wakazi na wapita njia, tumia dawa ya FTY720, miligramu 1 kwa kilo kila siku, kuanzia kabla ya maambukizi. Huzifungia seli ndani ya tezi za limfu. Kinga ikibaki, waliokuwemo mapafuni ndio wanaofanya kazi. Ukihamishia panya seli T zenye kipokezi kimoja kama OT-I (zinazotambua protini ya yai), anza na 1,000 hadi 10,000; milioni moja hubadilisha mashindano yote na jibu halifanani tena na la asili.

Kinga hiyo hudumu?

Seli CD8 wakazi wa mapafu ya panya hupungua ndani ya miezi kadhaa, kasi zaidi kuliko za ngozi, na kinga inayovuka aina za mafua hupungua nazo. Weka kundi la siku ya 30 na jingine la miezi 4 hadi 6 kabla ya kuandika neno “kudumu”.

Kosa gani la takwimu ni la kawaida?

Kuhesabu visima au vipande vya pafu kana kwamba ni panya. Panya ndiye kizio. La pili ni kizimba: panya wa kizimba kimoja hushirikiana bakteria na mafadhaiko, hivyo chanja na usichanje ndani ya kizimba kilekile pale ambapo chanjo haiambukizi mwenzake. Ripoti idadi ya seli kwa pafu pamoja na asilimia, kwani asilimia inaweza kupanda kwa sababu nyutrofili zimeshuka tu.

Panya wasio na vimelea wanafanana na binadamu?

Kwa seli T, hawafanani sana. Panya wa maabara safi wana seli chache za kumbukumbu, karibu na mtoto mchanga kuliko mtu mzima. Wakiwekwa pamoja na panya wa madukani, mfumo wao husogea kuelekea wa mtu mzima. Panya waliokwisha kuambukizwa mafua kabla ya chanjo ni njia rahisi zaidi ya kuiga binadamu, ambaye karibu daima ana kumbukumbu ya mafua.

Naweza kugandisha seli za mapafu nikapaka rangi baadaye?

Seli za wengu huvumilia. Seli wakazi wa mapafu hufa kwa wingi na zinazobaki haziwakilishi zilizokuwepo. Paka rangi siku hiyohiyo, weka rangi ya uhai kabla ya paraformaldehidi, hifadhi kwenye nyuzi 4 gizani na usome kwenye mashine kesho yake.